Safari ya likizo kuunga udugu, Malindi mpaka Lamu: anza na watu, njia baadaye

Kama na wewe baba wa Lamu, mama wa Malindi, umekulia Mombasa na jamaa zako unawaona kwenye matanga tu, basi likizo hii toa gari ama panda basi uende ukawaone wakiwa wazima. Naandika vile tulivyofanya sisi Disemba iliyopita na watoto watatu, na tulipokosea pia nasema ili wewe usikosee.

Kwanza usianze na njia. Kaa na mtu mzima mmoja wa nyumbani, kwetu ni mama, shika kalamu uandike nani yuko wapi, ni mtoto wa nani, na nani hasemi na nani. Hilo la mwisho usiliache hata kama unaona haya kuuliza, maana unaweza kutoka nyumba hii ukaingia ile ukabeba maneno bila kujua. Halafu muulize kila upande mkubwa ni nani, huyo ndiye wa kupigiwa simu mwanzo. Sisi tulipanga kila kitu na binamu zetu kwa sababu ndio tuko nao kwenye grupu la WhatsApp, shangazi yetu wa Malindi akasikia juu juu tu kuwa tunakuja. Alitupokea vizuri, alitupikia, lakini usiku tukiwa tumekaa wawili akaniambia, "Kumbe mimi ni wa kuambiwa na watoto." Wallahi neno lile liliniuma na mpaka leo linaniuma. Kwa hivyo piga simu, sio meseji, hata kama hasikii vizuri urudie mara tatu, mpe shikamoo yake, mwombe ruhusa uje. Wengine wote atawaambia yeye mwenyewe.

Watoto nao waandae. Wazee wa huku hawaulizi jina lako, wanauliza "mwana wa nani wewe?" na mtoto akisema jina moja akanyamaza anakuwa kama mgeni tu. Fundisha majina mpaka la babu wa babu, kwenye gari ndio pazuri maana hawana pa kukimbilia. Wangu wa miaka 8 aliulizwa Lamu na mzee mmoja alikuwa amekaa barazani na kikombe chake cha kahawa, akataja lake, la babake, la babu, alipofika la nne yule mzee akaweka kikombe chini akamshika mkono akaendelea yeye, la tano, la sita, la saba, machozi yanamlengalenga. Kumbe babu yake na babu yetu tumbo moja, na kwenye karatasi yetu hayumo kabisa.

Zawadi, mkono mtupu haulambwi. Halwa, kahawa, sukari na mchele vinapokewa kila nyumba, na wamama wape leso, lakini tafadhali soma jina la leso kabla hujalipa. Mimi nilichagua kwa rangi tu, kufungua mbele ya mtu imeandikwa Hasidi Hana Sababu, na yeye ndiye yule aliyekuwa na maneno na mama miaka ya nyuma. Ilibidi nimwambie ukweli kuwa sikusoma na nikaomba radhi pale pale.

Sasa njia. Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120, hiyo haina kazi, unapita Kilifi na Gede, ukitaka unalala Malindi kwa jamaa siku mbili. Kutoka hapo mpaka Mokowe, gati la upande wa bara la kuvukia kwenda kisiwa cha Lamu, ni zaidi ya kilomita 200, unavuka Sabaki, Mambrui, Gongoni, mpaka Garsen ndio unakata kulia kuelekea Witu na Hindi. Toka mara tu baada ya alfajiri, jaza mafuta Malindi, na usitembee njia hiyo usiku. Kuna vizuizi vya polisi kwa hivyo kila mtu mzima awe na kitambulisho mkononi, usikifungie kwenye begi chini kabisa. Mvua zikiwa kubwa muulize jamaa wa huko kabla hujatoka, Mto Tana ukifurika hukata barabara upande wa Gamba, mwisho wa 2023 ilikatika hivyo. Gari haivuki kwenda kisiwani, unaiacha Mokowe unapanda boti, kwa hivyo mwambie mwenyeji mapema akutafutie mtu wa kuiangalia. Mizigo itabebwa na punda ama mkokoteni maana ndia za mji ni nyembamba, viatu vya kisigino acha nyumbani.

Kama unaenda wakati wa Maulidi, mfungo sita, ujue nyumba zimejaa wageni mpaka juu, sema mapema sana usije ukawalaza wenyeji barazani.

Ukifika, kaa. Nyumba mbili kwa siku zinatosha, moja asubuhi moja baada ya alasiri, maana hakuna nyumba utatoka bila kula na ukionja onja tu ukasimama wanaona umewadharau. Simu weka mfukoni. Ila mwombe mkubwa ruhusa umrekodi akieleza nasaba, sauti tu, wengine hawataki picha. Na ombeni mtu awapeleke makaburini, watoto wajue babu yao alipolala. Siku tatu nne zinatosha kwa nyumba moja, labda wenyewe wakushike.

Siku ya kuondoka rudi kwa yule mkubwa umuage hata kama mliagana jana. Kwenye boti toa ile karatasi uongeze majina mapya kabla hayajakutoka kichwani, sisi tuliongeza kumi na moja. Na ukishafika kwako, hiyo ya kusema umefika salama usimtumie meseji, mpigie.