Kuingia kwenye soketi si kukubaliana: kwa Wabongo na Wakenya mnaounda kompyuta ya gemu mkiwa Lubumbashi

Kama kazi ya migodini au ya malori imekuleta huku na jioni unataka kuzimalizia kwenye gemu, soma hii kabla hujamtumia ndugu yako hela ya Kariakoo. Mimi sikusoma popote, nikalipia.

Kosa langu ndilo hili. Nilinunua prosesa (ubongo wa kompyuta) Ryzen 5 5600 hapa mjini, mpya kwenye boksi lake, nikamwagiza binamu yangu madabodi (bodi kuu ambayo vifaa vyote huchomekwa) ya B450 kutoka Dar kwa kuwa bei ilikuwa imenivutia. Nikamuuliza, una uhakika vinakubaliana? Akajibu, "Kaka, AM4 kwa AM4, tulia." AM4 ni jina la soketi, yaani pale prosesa inapokaa kwenye madabodi. Nikatulia. Mzigo ukapita Tunduma, ukakatiza Zambia, ukafika Kasumbalesa, nikaulipia pale mpakani kwa karatasi za Kifaransa ambazo nusu yake sikuzielewa.

Na kweli prosesa iliingia. Ilikaa yenyewe bila kusukumwa, pini zote zikazama, kile kiwaya cha pembeni kikashuka kikabana. Nikawasha. Feni zikazunguka, mwanangu akapiga makofi. Skrini nyeusi.

Siku tatu. Kwanza nilidhani kebo ya skrini nimeichomeka kwenye madabodi, maana 5600 haina grafiki ndani yake na picha lazima itoke kwenye kadi ya grafiki. Nikaangalia, ilikuwa kwenye kadi. Nikazitoa RAM, yaani vijiti vya kumbukumbu, nikazisugua, nikazirudisha. Nyeusi. Na muda wote huo pembeni ya madabodi kulikuwa na kitaa chekundu, kidogo kama punje ya mtama, jirani na herufi CPU. Nilidhani ni pambo.

Maana yake ni hii. Madabodi za B450 zilianza kutoka 2018. Ryzen 5 5600 ilitoka 2022. Ndani ya madabodi kuna programu inayoitwa BIOS, ndiyo inayoitambua prosesa. Boksi likiwa limekaa stoo tangu zamani, BIOS yake haijawahi kusikia habari za hiyo prosesa. Soketi inakubali, BIOS inakataa. Kwa hiyo ukiagiza B450, usiulize soketi tu, uliza BIOS. Mwambie ndugu yako apige picha ya boksi kabla hajatoa hata senti. Kama lina stika inayosema liko tayari kwa Ryzen 5000, sawa. Kama halina, ingia tovuti ya mtengenezaji, tafuta orodha ya prosesa za madabodi hiyo, utaona kila prosesa inahitaji toleo gani la BIOS. Uliza BIOS. Nasema tena kwa sababu binamu yangu hadi leo anajibu kwamba "ilikuwa AM4".

Simlaumu sana. Ndugu zetu nyumbani wanadhani ukishapata risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, umemaliza, kitu kikigoma unarudisha dukani kesho. Kutoka huku unarudishaje? Mpaka unaulipia mara mbili.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja wa Kenya. Wakenya msishtuke, Kenya ya hapa ni sehemu ya mji, jirani na Kamalondo. Neno madabodi halikumwingia mpaka nilipomwonyesha. Wao husema carte mère. Akavitazama vyote viwili, akasema, "Papa, hii iko mupya, ile iko ya zamani." Akafungua kopo la maziwa, akatoa Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018, akaipachika. Picha ikaja hapohapo. Tukaweka faili la BIOS kwenye fleshi, lakini akakataa kuanza mpaka kompyuta ichomekwe kwenye UPS, ile betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo madabodi inaweza kufa moja kwa moja. Na huku umeme hukatika. Tulipomaliza akarudisha prosesa yangu, ikawaka. Zipo madabodi zenye kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa yoyote. Ukiweza kuongeza hela kidogo, chukua hizo.

Hapa niseme langu. Sisi tukija tunawacheka watu wa huku, bukari (ugali wao), Kiswahili cha "iko", mavazi ya Jumapili siku ya Jumanne. Lakini wana kile wanachokiita kifungu cha 15, yaani jitafutie mwenyewe, na fundi wa aina hiyo hatupi kitu, ndiyo maana alikuwa na prosesa ya zamani kwenye kopo. Nisichokizoea ni dola zao. Noti ikichanika ncha kidogo tu, hata kama ni ya mia, wanakurudishia. Kagua noti zako kabla hujatoka nyumbani.

Mengine ni mepesi. Paua saplai, kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, nunua ya jina, wati 550 zinatosha kwa kadi ya grafiki ya RTX 3060. Pima urefu wa kadi na nafasi ndani ya kesi, yaani boksi la kompyuta. Waya wa umeme wa kutoka Dar una meno ya mraba, huku matundu ni ya duara, nunua mwingine. Kibodi za madukani ni za Kifaransa: palipo na W utakuta Z, palipo na A utakuta Q, mhusika wako atakimbilia ukutani mpaka ubadilishe mipangilio.

Juzi binamu kanipigia, kaona RAM za DDR5 kwa bei nzuri, aninunulie? B450 hutumia DDR4, na pengo la katikati liko mahali tofauti, haziingii hata ukipiga nyundo. Afadhali hizo, angalau zingekataa palepale.