Kumwandaa ndugu atakayetoa seli shina kwa mgonjwa wa lukemia

Mgonjwa wa lukemia (saratani ya damu) akiambiwa atahitaji kupandikizwa seli shina, yaani seli za uboho zinazotengeneza damu, ndugu, wazazi na watoto wake wasimtolee damu. Tunajua hapa Makadara, Mombasa, jamaa ndio hukimbilia kwanza, na ni kwa mapenzi, lakini mwili wa mgonjwa unaweza kujenga kingamwili dhidi ya alama za ukoo wake, kisha ukazikataa seli za ndugu huyo huyo baadaye. Damu itafutwe kwa marafiki na majirani.

Kinachopimwa kwa mtoaji ni HLA, yaani alama zilizo juu ya seli ambazo kinga hutumia kutambua seli za mwili wake, kwa damu kidogo au ute wa shavuni. Kundi la damu likitofautiana si kizuizi. Kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 kulingana kikamilifu. Wazazi na watoto hulingana nusu, nao pia hufaa siku hizi: mgonjwa hupewa siklofosfamidi siku ya 3 na ya 4 baada ya kupandikizwa, ili kuzipunguza seli za mtoaji zitakazomshambulia. Kama wazazi wa mgonjwa walioana wakiwa binamu, muulize daktari kuhusu kupima ukoo mpana zaidi.

Mtoaji hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende, na kwa sisi wa pwani, malaria na selimundu. Mwenye ugonjwa wa selimundu asichomwe filgrastimu (dawa inayozifanya seli shina zitoke kwenye uboho na kuingia damuni) kabisa, kwani inaweza kumuua. Anayebeba jeni moja tu ya selimundu, bila kuugua, huamuliwa na daktari.

Filgrastimu huchomwa chini ya ngozi kwa siku 4 hadi 5, mikrogramu 10 kwa kila kilo ya mtoaji. Mwenye kilo 60 hupata 600 kwa siku, yaani sindano mbili za 300. Dawa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kwa joto la Mombasa ibebwe kwenye kasha la baridi, isiguse barafu wala isitikiswe. Mifupa itauma: ameze parasetamoli, si aspirini. Maumivu makali ubavuni kushoto, juu, ni ya kukimbilia hospitali, kwani bandama inaweza kupasuka.

Siku ya 5 mtoaji hukaa saa 4 hadi 6 kwenye mashine inayochuja seli shina kutoka damuni. Midomo ikianza kufa ganzi amwambie muuguzi mara moja, kwa kuwa dawa ya kuzuia damu isigande hushusha kalsiamu. Zinahitajika angalau seli milioni 2 za CD34 (alama ya kuzihesabu seli shina) kwa kila kilo ya mgonjwa, na wengi hupendelea 5. Zikipungua, hurudi kesho yake.

Seli hushika baada ya wiki 2 hadi 4 hivi, nutrofili (seli nyeupe zinazopambana na vimelea) zikipita 500 kwa mikrolita ya damu. Vipele, kuharisha au macho ya manjano baada ya hapo huenda ni seli za mtoaji zinazomshambulia mgonjwa: apelekwe siku hiyo hiyo, na asiache siklosporini (dawa ya kutuliza kinga) kwa uamuzi wake.

Saratani ikirudi, ndugu yule yule anaweza kuitwa tena atoe limfosaiti, yaani seli nyeupe za kinga. Aambiwe hilo kabla hajatia sahihi.