Kufufua jengo la shule la mawe na chokaa: paa siku nne, ukuta miezi mitano

Jengo lenyewe ni madarasa mawili na baraza, mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, huku pwani ya Tanga. Watoto walishahamia shule mpya, kijiji kikataka maktaba na mahali pa mikutano. Juzi jamaa wa Kilwa kaniuliza tulianzia wapi, basi naandika mara moja.

1. Ruhusa. Jengo la kabla ya 1863 linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na la baadaye pia linaweza kutangazwa kuwa la kulindwa. Iandikieni Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kugusa jiwe, muambatanishe muhtasari wa mkutano wa kijiji na picha za kila ukuta.

2. Paa. Zibeni kwanza. Mengine yote yasubiri.

3. Boriti. Usiangalie katikati, angalia ncha zilizoingia ukutani, ndiko mchwa na unyevu huanzia. Choma kwa bisibisi: ikizama, badilisha.

4. Ukuta. Hapa ndipo nilipolia.

Mtu wa zamani alikuwa amepiga saruji kuanzia chini hadi kiunoni, kwa nia njema. Jiwe la matumbawe hunywa maji kutoka ardhini, na chokaa huyaachia yatoke taratibu. Saruji huyafungia njia, nayo hupanda juu zaidi na kutoka na chumvi. Ukiona unga mweupe na rangi inayovimba juu ya mstari wa saruji, ndiyo hiyo. Saruji siitaki kwenye ukuta wa namna hii, hata "kidogo tu ya kuongezea nguvu", na fundi anayeng'ang'ania mwambie akajenge choo.

Gonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Lipu iliyoachia hulia kama ngoma, hiyo ng'oa. Inayolia kizito iache ilivyo. Saruji toa kwa tindo na nyundo ndogo, polepole, maana hubanduka na uso wa jiwe.

Chokaa ya tanuri, ile iliyochomwa na haijaguswa maji, izimwe mapema, yaani itiwe majini. Weka maji kwanza kwenye pipa la chuma, kisha tia chokaa kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Huchemka kweli, sisi ndoo ya plastiki ililainika ikakaa kama kofia. Vaa glavu na miwani, maji safi yawe karibu. Ikishatulia, iache chini ya maji miezi mitatu ukiweza. Changanya moja kwa tatu na mchanga mkali, wenye chembe za kukwaruza, usio wa baharini, kwa sababu wa baharini unakuletea chumvi ileile unayoikimbia.

Kosa langu: nilipiga lipu Januari, jua la kaskazi, ukuta mkavu. Saa sita mchana ilishapasuka kama tope la bwawa, na kazi ya wiki tatu nikaing'oa mwenyewe. Chokaa haikauki tu, huvuta hewa ikageuka tena kuwa jiwe, na bila unyevu haiwezi. Kwa hiyo subirini masika yaishe. Lowesha ukuta jioni na tena asubuhi, piga tabaka lisilozidi sentimita moja, tundika magunia mabichi mbele yake bila kuugusa, nyunyiza mara tatu kwa siku kwa wiki nzima. Tabaka la pili ni pale dole gumba halizami lakini ukucha unakwaruza. Mimi siamini kuhesabu siku, naamini ukucha.

Rangi ni chokaa nyepesi, ipakwe mara tano. Ya mafuta hapana.

5. Ndani. Nyaya zipite juu ya ukuta kwenye mabomba, msichimbe. Rafu za vitabu ziachieni nafasi ya kiganja kutoka ukuta wa nje. Ubao mweusi wa darasa la kwanza tuliuacha palepale, na sasa hesabu za mikopo ya kikundi cha akina mama huandikwa hapo.