Jirani kajaza kifusi na ukuta unatuna: anzia hapa

Masika ikikaribia, wengi hapa Tanga huinua viwanja vyao kwa kifusi ili maji yasiingie ndani. Maji hayo hayapotei, yanahamia kwa jirani. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na kesi hizi nazipokea kila mvua zinapochanganya.

1. Kusanya ushahidi kabla ya maneno. Piga picha. Pima ukuta pande zote mbili: tofauti ya urefu ndiyo kina cha kifusi. Kisha ning'iniza timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni) kutoka juu ya ukuta. Uzi ukigusa katikati na kuachia nafasi chini, ukuta umeshatoa tumbo. Ukuta wa fensi wa tofali la inchi 5 hujengwa kuzuia watu, si udongo, na udongo ukinywa maji uzito wake ni mwingine kabisa.

2. Tafuta bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na wapima ardhi. Mstari wa michongoma si mpaka. Linganisha na ramani ya upimaji iliyo kwenye hati. Bikoni ikikosekana, omba mpima ardhi wa halmashauri afufue mipaka. Usiing'oe wala kuihamisha, hilo ni kosa la jinai.

3. Jua unalalamikia nini. Hapa ndipo wengi huangukia. Ukuta wa jirani ukiwa umeingia ndani ya kiwanja chako, dai lako ni ardhi, na ukomo wake (muda wa mwisho wa kufungua kesi) ni miaka 12. Ukiwa kwake lakini maji na udongo vinakuja kwako, hujapoteza hata inchi moja. Unadai madhara, na ukomo ni miaka 3. Ukidai ardhi isiyochukuliwa, utashindwa hata kama sebule imejaa tope.

4. Mwandikie, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Salamu kwanza: "Shikamoo mzee." Kisha omba jambo mahususi: mfereji wa kupeleka maji barabarani, ukuta wa kuzuia udongo wenye nondo na matundu ya kutolea maji, au kifusi kisogezwe nyuma. Taja tarehe.

5. Baraza la Kata. Tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Siku 30 zikipita bila suluhu, mgogoro wa ardhi unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukuta ukitishia kuanguka, omba zuio la muda (amri ya kumzuia jirani wakati kesi inaendelea) huko huko.

Nyundo iache ndani. Ukiubomoa mwenyewe, mshtakiwa utakuwa wewe.