Jinsi ya kumtumaini Mungu na kumsifu wakati jibu bado halijaja

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye ameomba jambo moja muda mrefu, na kila akisikia kanisani "haya tumsifu Bwana" mdomo unafunguka ila moyo umebaki nyumbani. Mi nimekaa hapo karibu mwaka mzima. Baba alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, na mi ni mwanakwaya naimba alto, ikawa kila Jumapili nasimama mbele na sare yangu naimba Mungu ni mwema, halafu nikirudi nyumbani nambadilishia baba mashuka nawaza hivi huyu ninayemwimbia ananiona kweli. Mwisho nikaacha mazoezi, nikawaambia wenzangu nina kazi nyingi.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane, mtu mzima. Hakunihubiria sana, alikuja na Biblia yake akaniambia mwanangu fungua 2 Mambo ya Nyakati 20 usome yote, usiruke. Wengi tunaijua ile habari kwa kipande kimoja tu, kwamba Yehoshafati mfalme wa Yuda aliweka waimbaji mbele ya jeshi wakaimba na maadui wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Tunaanzia kwenye kuimba. Lakini kuimba kunakuja mstari wa 21, sasa mistari 20 ya kwanza watu walikuwa wanafanya nini? Ndiyo nataka tuiangalie hiyo, kwa sababu njia yenyewe iko mule.

Anza kwa kusema ukweli. Mstari wa 3 unasema Yehoshafati akaogopa, mfalme mzima, na Biblia haikuficha. Akatangaza watu wafunge, akasimama mbele za watu wote wa Yuda na wake zao na watoto wao wadogo akamwambia Mungu hatujui tufanye nini, lakini macho yetu yatazama kwako. Kwa hiyo wewe nawe usianze na pambio la shangwe kama ndani unalia, kaa chini, mwambie Mungu kwa lugha yako ya kila siku kilichopo, kwamba kodi imeisha na mwenye nyumba kapiga simu mara mbili leo, au majibu ya vipimo yamekuja na naogopa. Ukikosa maneno tumia Zaburi 13, ina mistari 6 tu na Daudi anauliza "hata lini" mara 4 mfululizo kabla hajafika mahali pa kusema atamwimbia Bwana. Mtu akikuambia kulalamika mbele za Mungu ni kukosa imani, mwonyeshe hiyo zaburi. Mtu asiyemtumaini Mungu wala hahangaiki kumwambia, anakaa kimya tu kama nilivyokaa mimi.

Baada ya hapo, kumbuka. Na hapa nitakaa kidogo maana ndipo mi nilipopona. Yehoshafati kwenye maombi yake hakusema tu "wewe ni mkuu" akaishia hapo, alitaja kwamba nchi hii uliwapa uzao wa Ibrahimu rafiki yako, na nyumba hii ilijengwa kwa jina lako. Anataja vitu vilivyotokea. Sasa ule wimbo ambao waimbaji waliimba siku ya vita, "mshukuruni Bwana kwa maana fadhili zake ni za milele", maneno hayo ndiyo yanarudi kwenye kila mstari wa Zaburi 136, mara 26, na ukiisoma utaona kila mstari unataja kitu, aliziumba mbingu, akaigawa Bahari ya Shamu, hadi majina ya wafalme wamo mule, Sihoni na Ogu. Yaani sifa za Biblia zina habari ndani yake, sio hisia peke yake.

Kwa hiyo chukua daftari, hata la kurasa 48 linatosha, au andika kwenye simu kama ndiyo unayokuwa nayo muda wote, andika Zaburi 136 yako. Mstari mmoja jambo moja, na liwe dogo la kweli lenye mahali na siku. Usiandike "amenitendea makuu", andika aliyenipitisha kidato cha nne wakati ada ilibaki nusu, kwa maana fadhili zake ni za milele. Aliyenikutanisha na yule kondakta aliyeniacha nipande bure siku nimeibiwa pochi, kwa maana fadhili zake ni za milele. Aliyemrudishia baba sauti siku ya tisa akaniita jina langu, kwa maana fadhili zake ni za milele. Mi nilianza na mitatu nikasema sina zaidi, wiki iliyofuata ikawa 11. Soma kwa sauti, unaweza kuona aibu mwanzoni, soma tu. Na iandike sasa hata kama mambo yako ni shwari, maana siku ya shida ikija akili inakuwa imejaa shida, haikumbuki kitu.

Halafu shika neno moja. Pale Yuda walisimama wakangoja na Roho wa Bwana akamjia Yahazieli Mlawi akasema vita si yenu bali ni ya Mungu. Wewe nawe tafuta andiko moja la wiki, moja tu, lisome na sura yake nzima ujue limesemwa kwa nani na kwa sababu gani, sio kuokota kipande kwenye stetasi ya mtu. Langu lilikuwa Zaburi 56:3, siku ya hofu yangu nitakutumaini wewe. Nililipenda kwa sababu halisemi sitaogopa, linasema nikiogopa najua pa kwenda. Nilikuwa nalisema kwenye foleni ya dawa, kwenye daladala, nikiwa naosha vyombo.

Sasa imba. Kwa sauti, sio kichwani. Ukiwa umefika hapa utaona wimbo unatoka tofauti, hata kama unatoka na machozi. Ushauri wangu, kwa hicho kipindi chagua tenzi na mapambio yanayosema Mungu ni nani, zile nyimbo za "nitapata, nitainuliwa, adui zangu wataona" ziweke kando kidogo, kwa sababu ukiimba utakachopata unarudi palepale kwenye kuhesabu kwamba bado hujapata. Asubuhi kabla ya kushika simu ni muda mzuri, na usiku pia, Paulo na Sila gerezani kule Filipi ilikuwa usiku wa manane, wamepigwa bakora na miguu iko kwenye mkatale, wakawa wanaomba na kumwimbia Mungu nyimbo za kumsifu. Hapo tetemeko la kufungua gereza bado, milango bado imefungwa.

Hapa naomba niseme jambo linaloniuma. Tumefundishwa sana kwamba sifu ili Mungu afungue, sifu kwa nguvu minyororo ikatike, mpaka sifa imekuwa kama ada ya kulipia muujiza, na muujiza usipokuja mtu anaambiwa hukusifu vizuri. Hapana wapendwa. Wale vijana 3 kwenye Danieli 3, walipotishiwa kutupwa kwenye tanuru la moto, walisema Mungu wetu anaweza kutuokoa, "bali kama si hivyo" hatutaisujudia sanamu. Nabii Habakuki kataja mtini usiochanua, shamba lisilotoa chakula, zizi halina kondoo, halafu ndio kasema nitamfurahia Bwana, na kitabu kinaishia pale bila kutuambia kwamba zizi lilijaa tena. Tunamsifu kwa sababu ni Mungu na anastahili, awe amejibu ndiyo au hapana.

Na lile andiko la 1 Wathesalonike 5:18, shukuruni kwa kila jambo, limewaumiza wengi, wanadhani lazima umshukuru Mungu kwa sababu mtoto amefariki au kwa sababu umefukuzwa kazi. Kwenye Kigiriki ni "katika" kila jambo. Ukiwa ndani ya jambo hilo bado kuna cha kushukuru, ila ubaya wenyewe hulazimiki kuuita mzuri.

Kitu kingine, kutumaini sio kukaa. Tukirudi kwenye ile 2 Mambo ya Nyakati 20, mstari wa 16 Yuda waliambiwa kesho shukeni juu ya adui zao, na wakaamka asubuhi na mapema wakatoka mpaka jangwa la Tekoa, hawakubaki Yerusalemu wakiimba. Kama ni mgonjwa anywe dawa na aende kliniki tarehe yake, kama unatafuta kazi peleka maombi, kama una deni nenda ukaongee na anayekudai kabla hajakufuata. Imba ukiwa njiani unaenda kufanya hayo.

Jibu likija, rudi useme. Yuda walikusanya nyara siku 3 na siku ya nne wakakusanyika bondeni wakamhimidi Bwana, bonde likaitwa Beraka. Mapema kabisa, siku ya nne tu! Sisi tunaahidi ushuhuda halafu tunasubiri mpaka mwisho wa mwaka, na kati ya wale wakoma 10 walioponywa na Yesu ni mmoja tu aliyerudi kushukuru. Ukipata jibu Jumanne usingoje Jumapili, mwambie mtu Jumanne hiyohiyo, na uongeze mstari kwenye daftari.

Baba yangu hakupona. Alikaa miezi 14 tangu augue, akalala. Nilikuwa nimesharudi kwaya na daftari lilikuwa na mistari mingi, na bado siku ya msiba nilijaribu kuimba sauti ikagoma kabisa. Wenzangu wa alto wakanisogeza katikati yao, mmoja akanishika mkono, wakaimba mwanzo mpaka mwisho na mimi nimesimama tu. Kwa hiyo kama umesoma hadi hapa na huwezi hata kuandika ule mstari wa kwanza, usijilazimishe usiku huu. Mtumie meseji mtu mmoja wa jumuiya yako au kwaya yako, mwandikie tu: kesho ukipata nafasi pita nyumbani, uje uniimbie.