Jinsi ya kuchagua nyumba ya kupanga magharibi mwa Goma

Mwezi uliopita nilimsindikiza mdogo wangu na mume wake kutafuta nyumba ya kupanga pembezoni mwa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, upande wa Kyeshero, Lac Vert na Mugunga. Tulizunguka siku tano na tukakataa nyumba saba. Hizi ndizo hatua tulizofuata.

Hatua ya 1: Safari

Panda pikipiki saa moja asubuhi kutoka mlangoni pa nyumba hadi kazini kwako, kwa nauli yako mwenyewe. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, atakuambia ni dakika kumi, lakini yeye hupita barabara ya Sake saa nane mchana.

Hatua ya 2: Maji

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano yanayomeza mvua yote, na maji ya bomba hupandishwa kutoka Ziwa Kivu, kwa hiyo bomba lililosimama uani halithibitishi kwamba maji yapo. Waulize mama wa jirani, si mwenye nyumba, bomba hutoka siku ngapi kwa wiki na bidoni (dumu) moja inayoletwa na chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, inauzwa bei gani. Tangi la mvua ni msaada mzuri kwa kufua na kudeki. Kwa kunywa silipendi, kwa sababu moshi wa volkano ya Nyiragongo hutia mvua asidi na floraidi, na floraidi ikizidi huacha madoa kwenye meno ya watoto.

Hatua ya 3: Mazuku

Nyumba ya tatu ilitupendeza sote: vyumba vinne, ukuta mpya wa matofali, ua mpana ulioteremka kidogo chini ya barabara. Tuliiona alasiri, jua likiwaka na upepo ukivuma, na shemeji yangu alikuwa tayari kutoa fedha. Niliomba turudi kesho yake alfajiri. Katika kona ya chini ya ua tulikuta mijusi miwili na ndege mmoja wamekufa, bila jeraha lolote. Mama wa jirani alitueleza kwa utulivu kabisa kwamba watoto wa pale hawaruhusiwi kucheza kwenye kona ile kabla jua halijapanda.

Mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayopenya kutoka ardhini kupitia nyufa za mawe. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, hutuama kwenye mabonde na mashimo kama maji. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, hujaa. Jua na upepo huitawanya. Ndiyo maana nyumba inayoonyeshwa mchana tu haijaonyeshwa.

Wengi hupima kwa mshumaa: huuweka ndani ya kopo, hulifunga kwenye fito ndefu na kuliteremsha wakiwa wamesimama juu. Sisi tulifanya hivyo, na mwali ulizimika ghafla karibu na ardhi. Hata hivyo, siutegemei sana mshumaa. Ukizimika, hatari ipo. Usipozimika, hujathibitisha chochote, kwa sababu hewa hiyo huweza kumdhuru mtu kabla haijauzima moto, na kiasi chake hubadilika kwa saa na kwa siku. Naamini zaidi swali hili kwa majirani watatu tofauti: mbuzi na kuku hufia wapi hapa? Usishuke kamwe shimoni kuhakikisha mwenyewe, na ukimwona mtu ameanguka humo usimfuate bila kifaa cha kupumulia, kwani wa pili huanguka juu ya wa kwanza.

Ukuta wa uzio nao huhadaa. Ukizunguka ua ulio bondeni, huigeuza nyumba kuwa beseni, na hewa hukosa pa kutokea. Tazama pia sakafu ya chumba cha kulala: iwe juu kuliko barabara, na mtoto asilale kwenye godoro lililotandikwa chini. Mimi ningechagua nyumba ya mbao iliyoinuka kuliko ya matofali iliyo bondeni, ingawa shemeji yangu bado anaona mbao ni aibu.

Hatua ya 4: Kuta

Mitetemeko iliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ilipasua nyumba nyingi za matofali. Tafuta mistari ya plasta mpya, hasa juu ya milango na kwenye pembe, na uangalie kama ufa unaendelea hadi ardhini.

Hatua ya 5: Mkataba

Sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha garanti, yaani amana anayoweka mpangaji, kuwa kodi ya miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Wenye nyumba wengi huomba zaidi. Tuliyempata mwishowe, Kyeshero, aliomba sita tukakubaliana mitatu. Andikeni kiasi hicho kwenye mkataba, pamoja na namba inayosomeka kwenye mita ya umeme siku ya kukabidhiwa funguo.