Ukurasa wa wavuti unavyoweza kuigusa ruta yako (somo)

Wakuu, juzi niliitwa hosteli moja Ng'ong'ona. Wanafunzi wakiandika anwani ya benki wanaletewa ukurasa bandia unaofanana na wa benki. Nikaikuta ruta (kifaa kinachogawa intaneti) imebadilishwa DNS (seva inayotafsiri jina la tovuti kuwa anwani ya namba), na neno la siri bado ni admin, lile la kiwandani. Njia ya kuingia kwenye ruta kutoka intaneti ilikuwa imefungwa, kwa hiyo naamini aliyeingia alipitia kivinjari cha mmoja wao.

Iko hivi. Ruta humzuia anayebisha kutoka nje. Ukurasa ukishaufungua, kodi yake (maelekezo ya programu) inaendeshwa ndani, kwenye kompyuta yako, na inaweza kutuma ombi kwa 192.168.1.1, anwani ya ndani ya ruta nyingi. Kivinjari huunyima ukurasa kusoma jibu, lakini ombi lenyewe mara nyingi limeshafika, na ruta dhaifu hutii. Ndiyo maana kurasa za kawaida haziruhusiwi kufungua soketi ghafi za TCP (miunganisho ya moja kwa moja na kifaa chochote), na poti (namba ya mlango wa huduma) kama 25 ya barua pepe imefungwa kabisa.

Kuna ujanja mbaya zaidi: jina la tovuti linaelekeza kwanza kwa seva ya mshambuliaji, kisha linageuzwa lielekeze kwenye ruta yako. Kivinjari kinaona jina ni lilelile, kinaruhusu jibu lisomwe.

Fanya hivi:

1. Badilisha neno la siri la ruta leo. Hili peke yake lingewaokoa wale vijana.
2. Kagua DNS iliyomo. Usiyoitambua, ifute.
3. Sasisha kivinjari. Chrome tangu toleo la 142, la Oktoba 2025, huuliza kabla tovuti haijafikia vifaa vya mtandao wako wa ndani. Kama huelewi kwa nini inaomba, kataa.

Swali: Mkuu, natumia bando la simu tu, sina ruta. Inanihusu?

Jibu: Ndiyo, ndugu, kama kompyuta yako ina programu inayosikiliza kwenye 127.0.0.1, yaani anwani ya kompyuta yenyewe. Ukurasa unaweza kujaribu kuibishia hodi.

Swali: Nina mfumo wa duka hapa Majengo. Kivinjari kinaongea na printa ya risiti kwa websoketi (muunganisho unaobaki wazi wa kutuma na kupokea), kwenye 127.0.0.1 tu. Si salama, maana haitoki nje?

Jibu: Hapana, dada. Websoketi haibanwi na ile kanuni ya kivinjari inayozuia ukurasa kusoma majibu. Ukurasa wowote ukiunganishwa, unasoma na kuandika. Programu yako ikague Origin (tovuti ulikotoka) ya kila muunganisho, ikatae isiyo ya duka lako, na idai tokeni ya siri (msimbo wa utambulisho). Ukikwama, weka hapa kodi ya sehemu hiyo, tokeni uifiche.